Mwalimu Beseni na Njia ya Kwenda Tankini

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, wanafunzi wake wa zamani, na nyinyi nyote mliokaa chini ya maturubai na wengine mliokosa nafasi mkasimama barabarani, naomba utulivu wenu, mimi ni wifi yake marehemu, dada wa mume wake, fundi cherehani wa hapo juu sokoni ambaye wengi wenu mnanidai magauni, na familia imenituma nisome historia ya maisha yake. Mnaonijua mnajua kwamba mimi ni mwoga, naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa kusimama mbele za watu, na kaka yangu aliponikabidhi kazi hii nilimwambia atafute mtu mwenye kifua, akanijibu kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyenitaja.

Kabla sijaanza niseme jambo moja. Ndani ya historia hii kuna kosa ambalo marehemu aliagiza lisemwe hadharani, mbele yenu, na baada ya kosa kuna ombi, na hapa wamekaa watu ambao kosa hilo liliwaondolea wapendwa wao, hao wana haki ya kunyanyuka na kwenda zao nikifika pale, na hakuna mtu wa familia hii atakayewaangalia vibaya. Lakini mvua za mwaka huu zimeshaanza huko milimani, hata asubuhi ya leo mmeliona lile wingu, wengi wenu mnakaa huku bondeni, na ombi lake likikataliwa leo sijui ni lini tena tutakusanyika wote namna hii. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko radi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na ukuta wa kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mzee aliyekuwa mlinzi wa geti la kiwanda hicho na mama aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba za wageni. Nyuma ya chumba hicho ulipita mto huu huu wetu, ila siku zile ulibadilika rangi kufuatana na sabuni iliyopikwa kiwandani, leo bluu, kesho kijani, siku nyingine waridi yenye povu linalofika kiunoni mwa mtoto, na marehemu alipenda kusimulia kwamba mpaka anamaliza darasa la saba alijua mito yote duniani iko hivyo. Mama yake alikuwa akiwaita watoto kwa rangi, akisema leo ni kijani asiguse mtu, leo ni nyeupe mnaweza kuosha miguu.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1973 katika shule ya msingi ya hapo juu kilimani, shule hii hii yenye ngazi za zege zinazoanzia nyuma ya mashine ya kusaga na kuishia kwenye tanki la maji, akazipanda kila siku ya shule kwa miaka saba, na akamaliza mwaka 1979 akiwa wa pili darasani, wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu na marehemu hakuwahi kuyakubali matokeo yale. Mwaka 1980 alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, mbali na jiji, na siku ya kwanza wenzake walipokimbilia mtoni kuoga yeye aliganda ukingoni, akaanza kulia, kwa sababu maji yalikuwa yanaonyesha mpaka chini, aliona mawe, aliona miguu yake mwenyewe imesimama kwenye mawe, na kwake yeye maji ya namna hiyo yalikuwa ya kutisha. Walimcheka mpaka matroni akaja. Aliniambia kwamba siku ile ndiyo aliyoanza kujiuliza nani aliyeutia rangi mto wa kwao, na kwamba hakuwahi kuacha kujiuliza.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1983 na cha sita mwaka 1985, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1986 na kuhitimu mwaka 1988 katika masomo ya biolojia na jiografia, akapangiwa kufundisha katika shule ya sekondari ya masomo ya jioni iliyokuwa karibu na stendi kuu. Huko ndiko alikopata jina. Alikuwa akiwapeleka wanafunzi mtoni wakiwa wamekunja suruali, na beseni jeupe la enameli, wanachota maji na matope ya chini ya mawe, wanayamwaga taratibu ndani ya beseni, halafu wanakaa kimya kuangalia ni vijidudu gani vinaanza kutembea, maana vipo vinavyokufa uchafu ukizidi na vipo vinavyonenepa, kwa hiyo ukijua nani yupo ndani ya beseni unajua hali ya mto bila mashine yoyote. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Beseni, yeye akajidai kukasirika wiki moja, baadaye akawa analitumia hata kwenye simu.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi bomba wa idara ya maji, ambaye walikutana kazini, yaani kaka alikuwa ameingia kwenye shimo barabarani akikaza bomba na marehemu akasimama juu ya shimo akamuuliza kama anajua maji anayoyarukisha yale yanaenda wapi. Kaka alijibu kwamba yanaenda mtaroni, marehemu akamuuliza na mtaro unaenda wapi, na tangu hapo hajawahi kuachwa apumzike. Mimi nilimpokea kama mawifi wanavyopokeana, kwa tabasamu la meno ya mbele tu, nikisema mwanamke gani huyu anayekuja kutambulishwa ukweni ana matope kwenye kucha, naye alinijibu kwa kupindua sufuria yangu na kuniuliza mafuta niliyomaliza kukaangia nayamwaga wapi. Tuligombana miaka miwili, halafu tukazoea, halafu ikawa siku asipopita dukani kwangu kunigombeza naona siku haijatimia. Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu wa hesabu na kijana ambaye ni fundi umeme, na mjukuu mmoja, yule pale aliyelala begani kwa baba yake.

Tarehe 1 Julai 2004 marehemu aliajiriwa na halmashauri ya jiji, idara ya mazingira, kitengo cha elimu kwa jamii, na kitengo chenyewe kilikuwa ni yeye, meza moja iliyowekwa kando ya mlango wa choo, na feni inayogeuza shingo bila kutoa upepo. Kutoka kwenye meza hiyo aliendesha mambo ambayo wengi wenu mliyaona na mliyafanya, matembezi ya mtoni kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mafunzo ya kutengeneza mboji ndani ya ndoo kwa wanaokaa ghorofani, siku za kuokota taka na kuzitenga sokoni, upandaji wa miti ambayo mbuzi walikuwa wakiisubiri kwa hamu kuliko sisi, na lile Dubwana la Taka, ambalo nilishona mimi mwenyewe kwa mifuko ya plastiki na matairi ya baiskeli, lenye mdomo wa kufunguka na kufunga, na ambalo sikuwahi kukubali kulivaa kwa sababu likivaliwa nilikuwa naliogopa. Ofisini kwake walitaka watoto waimbe kwamba mto ni mama yetu. Yeye alikataa, aliwaambia watoto kwamba mto si mama wa mtu, mto ni maji yanayoshuka, hayajui jina lako, na wazazi wengine walikwenda kulalamika kwamba mwalimu anatisha watoto.

Mwaka 2008 maji yaliingia kwenye nyumba za chini huku na kutoka bila kuua mtu, na tarehe 7 Machi 2009 marehemu akaanzisha Siku ya Mto. Mnaijua. Asubuhi matembezi, halafu beseni, halafu Dubwana, na mwisho mazoezi ya kujiokoa, ile rimu ya lori iliyotundikwa juu ya ngazi inapigwa, kila mtu anaacha alichoshika, anatoka nyumbani kwake bila kufunga mlango, anapita nyuma ya mashine ya kusaga, anapanda ngazi za shule mpaka tankini, wenye wazee wanawabeba. Miaka mitano tulifanya hivyo, tukiwa hoi, tukimlaani kwa upendo, mimi nikisimama kila penye kituo nikijifanya nafunga kamba za viatu, na tukifika juu tunapiga makofi, tunakunywa maji, tunashuka.

Mwaka 2014 Siku ya Mto ikapata wafadhili. Wakaja na maturubai, vipaza sauti, fulana za kijani zenye maandishi mgongoni, na mgeni rasmi, na penye mgeni rasmi pana meza kuu, na penye meza kuu pana yale masofa mekundu ya kukodi, na masofa hayakupandishika kwenye ngazi za shule, walijaribu, sofa moja likakwama kwenye kona na vijana wakalishusha. Mgeni rasmi naye alikuwa na goti bovu. Ndipo mtu mmoja wa kamati, simsemi, akapendekeza kwamba mwaka huu watu wakusanyike kwenye kiwanja cha mpira, hapa hapa bondeni, kando ya mto, pana nafasi, magari yanafika, na picha zitatoka vizuri. Marehemu alibisha. Halafu akakubali, akasema mwaka huu tu.

Hilo ndilo kosa, ndugu zangu, na nimeagizwa nilisome kwa maneno yake, na maneno yake ni haya: mimi, mtu niliyesomea jambo hili, nilikubali kuwafundisha watu kukimbilia mtoni kwa sababu ya masofa. Mwaka uliofuata ikawa kiwanjani tena, na mwingine, na mwingine, kwa sababu kiwanja kilipendeza na watu waliongezeka mara tatu, nani asiyependa kushuka kuliko kupanda, na tukawa hodari kupita kiasi, rimu ikilia mtaa mzima unamiminika kiwanjani kabla mgeni rasmi hajamaliza kufungua soda yake. Tulipewa cheti cha mtaa wenye mwitikio bora. Marehemu alikitundika ofisini kwake, na aliniambia alikuwa akikiangalia kwa furaha kabisa, hakuona kitu.

Sasa nimefika pale, nivumilieni kidogo.

Tarehe 2 Mei 2017, mchana, jua likiwaka, nguo zimeanikwa kila kamba, huko milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake na sisi hatuna habari, marehemu alipigiwa simu na msimamizi wa bwawa dogo la juu ya mto, mtu aliyewahi kuhudhuria mafunzo yake, akamwambia, mwalimu, ukingo umekatika, maji yanakuja, toa watu. Marehemu alikuwa pale shuleni na darasa la sita, akaacha kila kitu, akakimbilia kwenye rimu akaipiga mwenyewe kwa chuma, kwa mapigo yale yale tuliyoyazoea. Na watu wakatoka, hilo nalo aliagiza lisemwe, watu wa mtaa huu hawakupuuza, hawakuzembea, walitoka wote, waliacha vyungu motoni na milango wazi kama walivyofundishwa, na wakakimbia kama walivyofundishwa.

Mimi nilikuwa nimeshuka kuja kumpima bibi harusi mmoja, nikakimbia na tepu yangu shingoni, mguu niponye, na nilipofika katikati ya kiwanja nikasimama pamoja na wenzangu, na watu wakaanza kupiga makofi, kwa sababu kila mwaka tukifika tunapiga makofi. Na mimi nilipiga. Kuna waliokuwa wamevaa zile fulana. Kuna mama aliuliza mbona mwaka huu yamefanyika mara mbili, mwingine akauliza maturubai yako wapi, na mzee mmoja akakaa chini kabisa kwenye majani kusubiri hotuba.

Marehemu alikuwa amesimama kule juu, kichwani mwa ngazi, anawasubiri. Alinisimulia jambo hili mara moja tu na hakulirudia, kwamba alisimama amekunjua mikono yake tayari kupokea watoto, akawa anaangalia zile ngazi, zikabaki tupu, hakuna hata mguu mmoja, na halafu kutoka bondeni akasikia makofi. Alisema alishika bomba la kushikia la ngazi, na kwamba tangu siku hiyo makofi ya aina yoyote, hata ya harusini, yalimfanya atoke nje atapike.

Alishuka. Tulimwona anakuja kiwanjani bila viatu, anapiga kelele ambazo hazikuwa maneno, anatusukuma, anatupiga kwa viganja, na nasema kweli tupu, tulimwangalia tukidhani ni sehemu ya maonyesho, kuna mtu alicheka. Halafu ikaja harufu, udongo mbichi na mafuta ya gari, halafu mlio wa mabati yanayojikunja mahali tusipopaona, na hapo kila mtu akaelewa kwa pamoja. Sijui nilifikaje kwenye ngazi. Najua tu kwamba alikuwa nyuma yetu, anahesabu migongo yetu kwa mikono yake, na maji yalikuwa magotini, halafu yalikuwa kiunoni, na yalikuwa baridi na yamebeba vitu vinavyogonga. Watu wengi mno walipanda siku ile, na wengi wao mmekaa hapa. Fundi baiskeli wa kona alikuwa ameshafika kwenye ngazi, tulimwona, akarudi kumbeba mgongoni bibi wa nyumba ya kona, na dobi wa darajani akarudi naye kumsaidia, na hao watatu hawakupanda. Tusimame kidogo kwa ajili yao. Asanteni, kaeni.

Baada ya hapo kiliundwa kikao, na kikao kikasema lilikuwa tukio la asili. Marehemu aliomba aruhusiwe kusimama mbele ya mtaa na kueleza jambo la kiwanja, akaambiwa asiamshe yaliyolala, akaandika barua ya kuacha kazi, na tarehe 31 Julai 2017 akatoka ofisini na beseni lake. Alikuwa ameshakwenda nyumba kwa nyumba kwa wafiwa wote watatu. Kwa mke wa fundi baiskeli alikaa kwenye kigoda, mimi nimemsindikiza nimekaa mlangoni, akayasema yote, ya masofa na ya cheti, na yule mama alisikiliza mpaka mwisho huku anapeta mchele wa jioni, halafu akasema, "Mume wangu alikuwa na miguu mizuri. Ungemwambia juu, angekwenda juu." Tulitoka, na njia nzima marehemu hakunigombeza kwa lolote, nikajua mambo yameharibika.

Tangu hapo aliishi kwa hofu, na mimi niliyeishi na hofu tangu tumboni niliitambua mara moja. Siku za mawingu alikula chakula cha mchana amevaa viatu vya kufunga kamba. Akilala alilala upande wa mlango. Lakini hofu yake haikuwa ya maji, alinieleza tukibishana dukani kwangu, nilipomwambia basi hameni huko bondeni mje mkae na mimi huku juu, akasema, "Wifi, mimi nikihama, wao wataendelea kukimbilia kiwanjani. Nimewafundisha vizuri mno." Mwezi Machi 2018 alijaribu kufanya mazoezi upya, njia sahihi, tankini, hakuna fulana, hakuna mgeni rasmi. Ilipopigwa rimu hakutoka mtu. Watoto walijificha chini ya vitanda, mtu mzima mmoja alizimia jikoni, na kesho yake rimu ikakutwa imeng'olewa na kutupwa mtaroni, na sikumlaumu aliyeitupa, hata mimi nikisikia chuma kikigongwa naruka kutoka kwenye kiti. Tulipanda ngazi watu wanne, yeye, kaka, mimi, na mwenye mashine ya kusaga, ambaye nadhani alikuja kuhakikisha hatumchafulii njia.

Mwezi Septemba 2018 miguu yake ilianza kuvimba, akawa anapumua kwa shida, akapelekwa hospitali na kugundulika kwamba moyo umetanuka na hausukumi damu ipasavyo. Aliendelea kufundisha. Hakuweza tena kupanda, kwa hiyo alichukua kiti akakiweka chini ya ngazi, nyuma ya mashine ya kusaga, na kila mtoto aliyepita kwenda shule alimwuliza, mvua kubwa ikija unakwenda wapi, na watoto, kwa adabu zao zote, na wengi wao ni watoto wenu, walimjibu, kiwanjani mwalimu. Alikuwa akiwasahihisha mmoja mmoja. Akirudi nyumbani alikuwa amechoka, anasema leo wamejibu vizuri wawili.

Tarehe 26 Februari 2019 alilazwa, na tarehe 3 Machi, kaka na mimi tukiwa kando ya kitanda, mimi namkanda miguu, alitoa ombi lake. Alisema, "Kwenye mazoezi hawaji. Kwenye msiba watakuja." Kaka akamwambia anyamaze, mgonjwa hasemi hivyo, naye akamkazia macho akasema nipandisheni. Alieleza kila kitu, maana hata pale alikuwa kazini. Jeneza lisipite barabara ya chini, lisipite kiwanjani wala darajani, ingawa ndiko kila msiba wa mtaa huu unakopita, lipite nyuma ya mashine ya kusaga, lipande ngazi za shule, gari lisubiri juu tankini, na watu wote walifuate kwa miguu yao. Rimu isipigwe, alisema masikio yenu bado yana kidonda, tuanze na miguu. Nilimwuliza na wasipokubali, akafumba macho, akasema, "Naogopa hilo hilo, wifi." Alifariki tarehe 12 Machi 2019, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Familia ilikaa kikao juu ya jambo hili na tulibishana vikali. Wapo wazee wetu waliosema maiti haipandishwi ngazi, ni nzito, kona ni mbaya, itatuponyoka tupate aibu. Wapo waliosema ni kuwatonesha wafiwa wa mwaka ule. Kaka yangu alisikiliza wote, akaondoka, na juzi mchana nikamkuta kwenye zile ngazi peke yake na spana, anakaza lile bomba la kushikia, kutoka chini mpaka juu. Kwa hiyo gari liko tankini, mlioshangaa kutoliona hapa nje, liko kule.

Nimalizie kwa shukrani. Familia inamshukuru daktari wa moyo wa wodi namba mbili na wauguzi wake, waliomtunza hata alipokuwa akiwagombeza juu ya ndoo zao za taka, tunawashukuru majirani walioleta viti, sufuria na mabega yao, tunamshukuru msimamizi wa bwawa ambaye amesafiri kuja, tunawashukuru walimu wenzake, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa halmashauri, na hata wale waliomwambia asiamshe yaliyolala, maana wamekuja na wamekaa mstari wa mbele, na nawaomba wavue viatu virefu.

Tunawashukuru pia wafiwa wa mwaka ule, ambao hawakulazimika kuja na wamekuja.

Samahani. Naona mke wa fundi baiskeli amesimama. Dada yangu, nilisema na narudia, njia iko wazi, ukienda zako hakuna atakayekuangalia vibaya, mwacheni apite, sogezeni hicho kiti. Hapana, subirini, haendi barabarani, amesimama hapo karibu na jeneza. Anauliza kitu. Semeni kwa sauti mlio karibu. Anauliza kama lile bomba la ngazini linashika sawasawa, kwa sababu ana mama mkwe wake ambaye haoni vizuri.

Linashika, dada. Liko upande wa kushoto. Kaka amelikaza.

Basi yeye na mama mkwe wake watangulie, jeneza lifuate, na sisi nyuma. Kila mwenye mzee amshike mkono, kila mwenye mtoto ambebe, viti viacheni, milango iacheni, asirudi mtu ndani kuchukua mwavuli ingawa nasikia matone yameanza kwenye turubai, tutalowa wote. Asipige makofi mtu tukifika. Wifi yangu, mimi mwenzako bado naogopa, lakini naona watu wako wanageukia upande wa mashine ya kusaga. Wewe pumzika kwa amani, sisi tunapanda.